Mikono Wasiyoiomba

Mikono ya meza ilimvunja Gwamaka vidole vinne kabla hajaachia nywele za mkewe.

Nililitazama tukio lile mara kumi na saba, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kulitazama. Ofisi ya Jamvi ilikuwa imeweka toleo la nane la majaribio katika nyumba mia tatu hapa Tukuyu, na kila nyumba ilikubali kwa saini kwamba jicho la meza litunze picha za tukio lolote ambamo mikono yake imemshika mtu kwa nguvu. Picha hazikuwa na sauti. Meza hazisikii. Hilo ndilo lililokuwa ombi la kwanza kabisa la watu, mimi nikiwa bado mtoto: tupeni meza zenye macho na mikono, zitupikie, zitushonee nguo, zitunyanyulie wagonjwa, lakini zisisikilize tunayosema ndani ya nyumba zetu. Meza zikafanywa viziwi, na mpaka leo ukitaka kitu unaandika kwa kidole juu ya kioo chake.

Kwa hiyo yote yalitokea kimya. Gwamaka, mchinjaji mwenye mabega mapana, anaingia jikoni. Anasema kitu. Mkewe, Bupe, anajibu bila kugeuka. Gwamaka anamkamata misuko, anamvuta mpaka ukutani na kumbamiza uso kwenye kona ya dirisha. Anambamiza tena. Meza ilikuwa inakanda unga wa maandazi. Mikono yake miwili ya chuma inauacha unga, inanyooka na kuvuka chumba. Mmoja unakamata kifundo cha Gwamaka, mwingine vidole vyake. Anavuta. Kanuni tuliyoiandika ilikuwa kwamba meza ikaze kadiri mtu anavyovuta, na ilegee akitulia. Gwamaka hakutulia. Kidole kimoja kinarudi nyuma mpaka kinagusa mgongo wa mkono wake, kisha cha pili. Unga mweupe umemganda mpaka kwenye kiwiko.

"Rudisha tena," alisema Mama Lugano.

Alikuwa mkuu wa chumba cha wasomaji, mwanamke mnene aliyevaa sweta ya kijani mwaka mzima kwa sababu ya baridi ya Tukuyu. Aliitazama picha kama watu wanavyotazama mpira.

"Kavunjika vidole, mama," nilisema.

"Na vidole vyake vilikuwa vinatafuta nini kwenye nywele za mtu?"

Wasomaji wenzangu walicheka. Mmoja alipiga dawati lake. Mama Lugano akanivuta begani akanikumbatia mbele yao wote, mimi nisiyependa kuguswa mbele za watu.

"Sekela, hii ni kazi yako. Usiangalie chini. Umeifanya wewe."

Ilikuwa kweli. Niliangalia chini hata hivyo.

*

Jamvi ni mfumo unaoendesha meza. Bila Jamvi meza ni mbao, kioo na vyuma viwili vilivyoning'inia. Kila baada ya miaka miwili hutoka toleo jipya, na kabla halijatoka ofisi hufungua msimu wa maombi. Kila mwenye meza, kuanzia Kyela mpaka Mbeya na kwingine kote, anaruhusiwa kuandika ombi moja: angependa toleo lijalo liwe na nini. Sisi wasomaji tunayasoma yote, neno kwa neno. Watu huomba meza isiwakumbushe siku ya kuzaliwa ya mama mkwe. Huomba iweze kuchambua mchele bila kutupa punje nzima, au ijue kumkuna mtu mgongo. Babu mmoja wa Kandete aliomba meza yake ifundishwe kushindwa kwenye bao, maana wajukuu walikuwa wanamcheka.

Ombi moja ni kura moja, na peke yake halina nguvu. Likifikisha kura elfu kumi linaingia kwenye toleo bila mjadala. Kwa kuwa hakuna watu elfu kumi watakaoandika maneno yaleyale, kazi ya msomaji ni kushona. Ukiona maombi yanayofanana unayaunganisha kuwa moja, unaliandika upya kwa sentensi moja inayoeleweka na waandishi wa mfumo, na kura zake zote zinajumlishwa. Lililoshonwa linatundikwa hadharani siku saba ili mwenye pingamizi aseme. Baada ya hapo, aliyeshona peke yake ndiye anayeweza kufumua, na mwisho wake ni saa sita mchana ya siku ya kutoa toleo. Walioanzisha ofisi waliweka sheria hiyo ili mkubwa yeyote asije akafumua ombi la watu kwa kuwa halimpendezi.

Mimi nilishona maombi elfu sitini na moja mia tatu arobaini. Yalikuwa yanakuja kila msimu, kwa miaka yote, na kila msimu wasomaji waliyaacha moja moja kwa sababu hayakufanana vya kutosha. Wengi wa walioandika walikuwa wanawake. "Akinipiga, mlango wa nyuma ufunguke wenyewe." "Meza impigie simu dada yangu Busokelo nisipoigusa siku nzima." "Iwashe taa zote za nje majirani waone." "Iwabebe watoto iwatoe kwanza." Na mmoja: "Samahani kwa makosa ya uandishi, naandika kwa kidole kimoja, vingine havikunjiki."

Hilo la mwisho nililisoma asubuhi, na mpaka jioni nilikuwa sijasoma jingine. Kesho yake nikayashona yote. Sentensi niliyoiandika ilikuwa hii: *Meza imshike anayempiga mtu, kwa nguvu itakayohitajika, mpaka aache.*

Nilipotaka kuitundika niliulizwa na mfumo wangapi kati ya walioandika walitaja mikono. Nikahesabu. Walikuwa mia mbili na kumi na mmoja.

Nikaitundika. Siku saba zikapita, na pingamizi halikutoka hata kwa mmoja.

*

Siku ya kutoa toleo ilikuwa Ijumaa. Saa mbili asubuhi nilifungua picha za usiku na za alfajiri, na ya kwanza ilikuwa tena nyumba ya Gwamaka.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya jikoni, mkono wake wa kulia umefungwa bendeji nene, mikono yote miwili ameiweka mgongoni. Anaongea. Bupe anaosha vikombe akiwa amempa mgongo. Gwamaka anaendelea kuongea. Saa iliyoandikwa pembeni ya picha ilihesabu dakika kumi na moja, na mdomo wake haukupumzika, na mikono yake haikutoka mgongoni. Dakika ya kumi na mbili Bupe aligeuka akampiga kofi.

Meza ilimkamata mkono. Yeye alishtuka, akavuta. Sikusikia mfupa ukikatika lakini niliuona mkono ukiwa na pembe mahali pasipo na kiungo.

Gwamaka hakuinuka. Alitazama moja kwa moja kwenye jicho la meza, yaani alinitazama mimi, akatabasamu.

Nilifungua nyingine za wiki ile nilizokuwa sijazifikia. Nyumba ya pili kule Katumba, mwanamume amesimama mlangoni mikono mgongoni. Nyumba ya tatu, vilevile. Zilikuwa tano wiki ile. Wanaume watano waliokaa kama wanafunzi walioambiwa waweke mikono nyuma, na mdomo unakwenda, unakwenda, mpaka mwanamke anapoinua mkono.

"Wamefundishana," nilimwambia Mama Lugano. "Kilabuni huko, wamefundishana. Meza inaangalia mkono wa kwanza tu. Haisikii maneno."

Aliziangalia zote tano amesimama.

"Mkono umevunjika, unaungwa," alisema mwishoni. "Kabla ya majaribio, nyumba hizi mia tatu zilikuwa na vipigo tisini na vinne kwa mwezi. Mwezi huu ni saba. Wewe ndiye uliyepiga hesabu."

"Watano kati ya hao saba wamevunjwa na sisi."

"Na themanini na saba hawakuguswa. Utawaambia nini? Atuganile utamwambia nini?"

Atuganile alikuwa mshonaji wa mtaa wa Bulyaga, naye yumo kwenye majaribio. Alipewa namba yangu ili atoe taarifa ya meza mara moja kwa wiki, na alikuwa akinipigia kila siku. Hakuwa na taarifa. Alikuwa anapiga kuniambia kwamba amelala. "Dada, nimelala mpaka jua limetoka. Alikuja na hasira zake, meza ikamshika bega tu, akakaa mwenyewe. Ndaga fijo, dada." Ahsante sana. Kila siku ndaga fijo.

"Nikifumua," nilisema, "tunaweza kushona upya. Tuandike mlango. Tuandike simu na taa. Ndivyo walivyoomba."

"Litundikwe siku saba wakati toleo linatoka leo? Ni miaka miwili, Sekela. Umemaliza chuo, hesabu hizo unazijua. Leo saa sita mikono hii inaingia kwenye meza laki nne. Wale watano tutawatengenezea kiraka. Mwezi ujao, miezi miwili."

"Kwenye laki nne watano watakuwa wangapi?"

Alinifunga kifungo cha koti kilichokuwa wazi, kama vile mama anavyomfunga mtoto anayekwenda shule.

"Kamwone huyo Bupe," alisema. "Kamwombe radhi kwa niaba ya ofisi. Halafu urudi ukae na mimi tungoje saa sita, tunywe soda."

*

Mvua nyembamba ya Tukuyu ilikuwa inanyesha, ile isiyosikika lakini ukifika unakamua nguo. Nilipanda kwa miguu kati ya migomba mpaka Bulyaga. Nyumba ya Gwamaka ilikuwa ya tatu kutoka chini. Juu yake, nyumba tatu mbele, niliona kibao cha cherehani cha Atuganile.

Alinifungulia Gwamaka mwenyewe.

"Eeh! Karibu, karibu, dada wa Jamvi. Bupe! Mgeni wako. Ofisi imeleta pole." Alisogea pembeni kwa adabu, kisha akafunga mlango nyuma yangu na kutia ufunguo mfukoni. "Mimi nilipovunjwa vinne hawakuleta hata ndizi."

Bupe alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya kinu. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwona kwenye picha, na uso wake upande mmoja bado ulikuwa na rangi ya zambarau ya dirisha. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya plasta mpya, umening'inizwa kwa khanga. Meza ilikuwa nyuma yake, kioo kinawaka, mikono imekunjwa.

"Shikamoo," nilisema, ingawa tulikuwa tunakaribiana umri. Sikujua niseme nini kingine.

"Marahaba ya nini, dada? Kaa." Akanitazama. "Wewe ndiye unayesoma maombi?"

"Mimi ni mmojawapo."

"Langu ulilisoma? Mimi niliomba mlango." Alionyesha kwa kidevu mlango wa nyuma, uliokuwa na kufuli. "Niliandika vizuri kabisa: mlango ufunguke, mimi mwenyewe nitakimbia, miguu ninayo. Sasa nani aliomba mikono?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno ya ofisi, majaribio na kiraka, lakini hayakutoka.

"Aliomba mtu mwenye akili," alisema Gwamaka. Alivuta kigoda akaketi katikati yetu, akaiweka mikono mgongoni. Aliiweka taratibu, mmoja kisha mwingine, akinitazama nione. "Mimi siku hizi simpigi mke wangu, dada. Kaandike hivyo ofisini. Polisi walikuja asubuhi wakasema hii ni kesi ya meza, si yangu. Mimi naongea tu. Kuongea ni kosa?"

"Gwamaka, niache leo," alisema Bupe. "Kuna mgeni."

"Mgeni ni wa nyumbani. Anatuona kila siku, au siyo? Mwambie basi. Mwambie mtoto alikufaje."

"Gwamaka."

"Homa siku tatu. Siku tatu, dada, na huyu anasema kesho tutampeleka, kesho. Usingizi. Alilala! Mtoto anakoroma kifua hivi," na akafanya sauti hiyo, kooni, sauti ya mtoto anayetafuta hewa, "na mama yake amelala kama gogo."

"Ulifunga mlango ukaondoka na ufunguo," Bupe alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Uliondoka na ufunguo."

Akaifanya tena ile sauti.

Bupe aliinuka. Sikumwona akiuchukua mchi wa kinu. Nilimwona ameushika tayari kwa mkono wa kushoto, mti mzito wenye urefu wa mtoto, na nyuma yake mikono ya meza ikaanza kukunjuka. Ilikuwa imeshaona. Ilikuwa inangoja tu mchi utue. Gwamaka hakujikinga hata kidogo. Alinyoosha shingo ampe nafasi.

Mimi sijawahi kumpiga mtu. Shuleni nilikuwa nabeba mende nje kwa karatasi. Niliruka mkeka nikampiga Gwamaka kofi la uso kwa nguvu zangu zote, ili mkono wa kwanza uwe wangu.

Nataka niseme nilifanya hivyo kwa ajili ya Bupe peke yake. Lakini kiganja changu kilipolia kwenye shavu lake nilisikia utamu mpaka kwenye meno. Ndipo nilipojua ile sentensi niliiandika kwa moyo wa namna gani.

Meza ilinikamata. Mkono wake mmoja ulishika kiwiko changu cha kulia, mwingine kifundo, na chuma kilikuwa cha baridi hata juu ya koti. Mwili ulivuta wenyewe, siwezi kusema niliuamuru, na meza ikakaza. Nilipiga kelele.

"Usivute, binti," alisema Gwamaka akicheka, shavu lake limewiva. "Ukivuta inakaza. Muulize mwalimu, mimi hapa."

Hakuwa ameona alichokiona Bupe. Meza ina mikono miwili tu, na yote miwili ilikuwa kwangu.

Mchi ulimpiga gotini. Nilisikia goti, lilitoa sauti ya mua. Alianguka kutoka kwenye kigoda, na cheko lake lilikuwa bado halijaisha mdomoni lilipogeuka. Bupe alimpiga bega. Alimpiga mbavu. Hakupiga kelele wala hakutukana, alikuwa anatwanga, kwa mkono mmoja, kwa mwendo uleule wa mtu anayetwanga mahindi, na plasta yake inayumba ndani ya khanga. Gwamaka aliinua bendeji kujikinga na mchi ukapita juu ya vile vidole vinne. Alilia kama mnyama wa machinjioni kwake.

"Bupe, basi! Bupe, toka nje!"

"Mlango una kufuli," alisema bila kunitazama.

Damu ilikuwa inatoka puani mwa Gwamaka ikienda kwenye mkeka. Alikuwa anajikokota kuelekea ukutani, mahali palepale alipombamizia uso, na pale ukutani hapakuwa na pa kwenda. Bupe alimfuata akasimama juu yake. Akabadili mshiko, akaupandisha mchi juu zaidi, na nikaona macho yake yanatafuta kichwa.

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa huru. Kioo cha meza kilikuwa karibu na nyonga yangu. Niliweka kiganja, mfumo ukanitambua kuwa msomaji, nikaandika kwa kidole neno moja: *fumua*. Yakaja maandishi, yaleyale ya upole tuliyoyaandika sisi wenyewe ofisini. *Maombi 61,340 yatarudi kuwa moja moja. Mikono ya nyumba zote za majaribio italegea sasa hivi. Una hakika?*

Pembeni saa iliandika tano na dakika arobaini na mbili.

Sitaki mtu aseme nilibonyeza kwa sababu ya maumivu. Mfupa wangu ulikuwa unasagika, ndiyo, lakini kichwa kilikuwa kimetulia kuliko siku yoyote. Nilimfikiria Atuganile amelala mpaka jua limetoka. Nikawafikiria wale themanini na saba. Nilijua kwamba nikibonyeza, nyumba fulani, pengine sasa hivi, chuma kitamwachia mtu asiyestahili kuachiwa. Na nilimwona Bupe, aliyekuwa ameomba mlango.

Nikabonyeza.

Mikono ilianguka kama nguo iliyokatika kamba. Nilijirusha kwa Bupe nikamshika kiwiko kwa mkono wangu mzima, na mchi ukatua sakafuni, shubiri moja kutoka sikio la Gwamaka, ukavunja kipande cha sementi. Tukaanguka wote. Nilikuwa nimemlalia mgongoni, nikimsikia moyo wake unavyokwenda, na hapo nilisikia mfukoni mwangu simu inaita.

"Dada." Alikuwa Atuganile. Alikuwa anaongea kwa pumzi. "Dada, meza imemwachia. Ilikuwa imemshika shingoni, panga bado analo, ikamwachia. Mbona imemwachia?"

"Toka nje. Atuganile, toka nje sasa hivi!"

"Amefunga. Amesimama ml... Baba Ipyana, subiri. Subiri, mume wangu, tuongee..." Kitu kizito kilianguka, cherehani pengine, na simu ikabaki wazi, na kutoka ndani yake zikawa zinakuja sauti zote ambazo kwa miezi miwili nilikuwa naziangalia bila kuzisikia.

Bupe alikuwa ameketi. Alitazama mikono ya meza iliyolala sakafuni, akanitazama.

"Umeizima?"

"Nimefumua. Nyumba zote."

"Nani alikuwa ameishona?"

"Mimi," nilisema. "Walioomba mikono walikuwa mia mbili na kumi na mmoja. Wengine wote mliomba mlango, simu, taa, na mimi nikaandika mikono."

Alinizaba kofi. Lilikuwa kofi la kushoto, lisilo na shabaha, lakini lilinitoa machozi. Meza haikusogea.

Kisha aliingiza mkono mfukoni mwa mumewe, ambaye alikuwa amejikunja akikoroma damu na hakuthubutu hata kufungua macho, akatoa ufunguo. Aliokota mchi. Simu ilikuwa bado inatoa zile sauti.

"Ni kwa nani?" aliuliza.

"Atuganile. Nyumba ya tatu juu."

Alikuwa ameshatoka. Nilimfuata kwenye matope nikiubana mkono wangu tumboni, mvua usoni, nikipiga kelele kwa kila nyumba tuliyopita, mimi ambaye darasani nilikuwa naulizwa swali nikajibu kwa kunong'ona. Mwanamke mmoja alitoka na mwiko. Mwingine akatoka na mtoto mgongoni, akauliza kuna nini, nikashindwa kumweleza, akakimbia nasi vilevile.

Mlango wa Atuganile ulikuwa wa mninga, umefungwa kwa ndani. Nyuma yake Atuganile alikuwa bado analia, maana yake alikuwa bado hai. Bupe aliupiga kwa mchi. Haukutikisika. Akaupiga tena, na mimi nikaugonga kwa bega langu lililobaki zima, na yule mwenye mtoto akaweka mguu mlangoni, akasukuma nasi.